Nianzie wapi riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mbwa, na niipange vipi isikwame katikati?

Kalamu Mbichi

Ndugu waandishi na wasomaji, natumaini hamjambo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi fupi, na sasa nimejitosa katika riwaya. Mhusika wangu mkuu ni mbwa koko jike, mwenye umri wa miaka sita hivi, anayeishi na fundi viatu mzee katika chumba kimoja chenye kibaraza. Usiku mmoja mzee anaugua ghafla, watu wanakuja kumchukua kwa gari, mlango unafungwa, na mbwa anabaki nje. Mzee harudi. Msomaji ataelewa mapema kwamba amefariki, lakini mbwa hataelewa, na riwaya nzima inahusu yanayompata katika miezi inayofuata.

Kisa chenyewe sina shaka nacho. Shaka yangu ni namna ya kukiandika, kwa maana nimeanza mara tatu na mara zote tatu nimekwama karibu na sura ya nne.

Mara ya kwanza nilianzia kwenye kuzaliwa kwake, nikamweleza mama yake, ndugu zake watano, na jinsi alivyofika kwa mzee. Nilipomaliza kurasa arobaini nikagundua kwamba hakuna lililotokea ambalo lingemfanya msomaji atake kujua la kesho. Mara ya pili nikampa mbwa nafsi ya kwanza, asimulie mwenyewe. Kurasa za mwanzo zilinifurahisha sana, lakini kadiri nilivyoendelea sauti yake ikawa sauti yangu: alikuwa akitoa maoni kuhusu ndoa za watu, kuhusu dhuluma, kuhusu kifo, hadi nikajiuliza kama kweli huyu ni mbwa au ni mimi niliyevaa ngozi yake. Mara ya tatu nikatumia msimulizi maizi, anayeingia katika vichwa vya wote, na matokeo yake watu wakamfunika. Mtoto wa jirani akawa na kisa kizuri kuliko cha mbwa, na mbwa mwenyewe akawa kama kigoda kilichosahauliwa pembeni mwa chumba.

Naweka hapa aya ya kwanza ya jaribio la tatu ili mwone ninapokosea:

"Jua lilichomoza taratibu juu ya mapaa, likamwaga miale yake ya dhahabu kwenye kibaraza alipolala. Alifumbua macho, akatazama mpira mwekundu uliokuwa ukimetameta katikati ya majani mabichi, akakumbuka jinsi alivyocheza na mzee juzi yake, akasikitika kwamba siku zile za furaha zilikuwa zimepita."

Ninaomba msaada katika mambo yanayoshikana. Riwaya ianzie wapi: kwenye usiku ule wenyewe, kabla yake, au baada yake? Nani asimulie? Na sehemu ya katikati niipange vipi ili isiwe mlolongo wa matukio tu, leo kapigwa na huyu, kesho kalishwa na yule? Nakusudia ifike maneno 60,000 hivi. Jambo moja silitaki kabisa, nalo ni kwamba igeuke hurafa. Hurafa ni nzuri mahali pake, sungura na fisi wametulea sote, lakini fisi wa hurafa ni mtu mwenye tamaa aliyepewa mkia. Mimi nataka mbwa.

Mhariri Mzee

Ndugu Kalamu Mbichi,

Nimehariri miswada kwa muda mrefu, na inayokwama sura ya nne nimeiona mingi. Mara nyingi tatizo huwa lile lile: mwandishi anajua litakalompata mhusika wake, lakini hajajua mhusika anataka nini. Soma tena muhtasari wako. Mzee anaugua, watu wanamchukua, mlango unafungwa, mbwa anabaki. Vitenzi vyote ni vya wengine. Mbwa wako ana kitenzi kimoja tu, kubaki, na maneno 60,000 hayawezi kubebwa na kitenzi hicho peke yake.

Mpe haja, na iwe haja ambayo mwili wa mbwa unaweza kuijua bila kufasiriwa. Kuelewa kifo ni haja yako wewe na msomaji wako. Kuingia tena ndani ya mlango ule ni haja yake. Kuipata tena harufu ya mzee ni haja yake. Ukishaikubali hii ya pili, utaona kwamba imekuja na kitu ambacho waandishi wa riwaya za watu huhangaika kukitafuta, yaani saa inayohesabu kurudi nyuma, kwa sababu harufu hufifia. Kila siku inayopita, mzee anapungua duniani, na mbwa ndiye kiumbe pekee anayeweza kuupima upungufu huo.

Kaa chini uorodheshe vitu vilivyobeba harufu ya mzee baada ya usiku ule: kizingiti, gunia alilokuwa akikalia kibarazani, kandambili moja iliyodondoka wakati wa kubebwa, aproni yake ya ngozi. Halafu ujiulize kila kimoja kitapotea vipi. Gunia litanyeshewa. Kandambili itabebwa na mtoto. Kizingiti kitasuguliwa kwa sabuni na mpangaji mpya, ambaye ni mtu mwema na hana habari kwamba anafuta kitu. Kila kinapopotea kimoja, sehemu moja ya riwaya inafungwa, na mbwa analazimika kwenda mbali zaidi kuliko alivyowahi kwenda. Hapo umepata sehemu nne bila kuzilazimisha. Usijaribu kuzifanya ziwe na urefu sawa. Ya kizingiti inaweza kuwa kurasa ishirini na ya aproni ikawa mia moja.

Kuhusu pa kuanzia, ningeanzia usiku wenyewe. Kuzaliwa kwake hakukusaidii. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii, macho yake hufunguka baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na katika wiki hizo hana uamuzi wowote anaoweza kuufanya. Ukihitaji jambo kutoka utotoni mwake, kwa mfano hofu ya mtu aliyeshika fimbo, lilete baadaye katika sentensi mbili, siku fimbo itakapoonekana. Anton Chekhov alifanya hivyo katika hadithi yake ya mwaka 1887 kuhusu mbwa jike aitwaye Kashtanka. Inapoanza, mbwa ameshapotea na anakimbia huku na huko njiani, kisha mwandishi anarudi nyuma kidogo tu, kwa siku hiyo hiyo, kueleza ilivyokuwa hadi akapotezana na bwana wake, seremala. Tunamfahamu kwa wasiwasi wake kabla ya kuifahamu historia yake.

Katika hadithi hiyo hiyo kuna jambo litakalokusaidia kwenye suala la hurafa. Kashtanka amewagawa binadamu wote katika makundi mawili, mabwana na wateja. Mabwana wana haki ya kumpiga, na wateja yeye ana haki ya kuwauma miguuni. Hiyo ni falsafa kamili, lakini ina kimo cha mbwa, imetokana na karakana aliyolala na mateke aliyoyala. Tashihisi, yaani kumpa mnyama sifa za mtu, inakuwa mbaya pale unapomwazima mhusika mawazo yasiyotokana na maisha yake. Mbwa wako akiwa na maoni kuhusu viatu, nitamwamini. Akiwa na maoni kuhusu ndoa, nitakiweka kitabu chini.

Katikati ya riwaya ndipo pagumu, na ninaelewa hofu yako ya mlolongo. Mbwa asiye na mwenyewe hupita mikono mingi, na mikono ile inaweza kuwa shanga zisizo na uzi. Riwaya ya Jack London ya mwaka 1903 kuhusu mbwa Buck imejengwa hivyo hivyo, mbwa anaibwa nyumbani kwa jaji huko California na kupita kutoka kwa bwana hadi bwana katika baridi ya Klondike, huko Kanada, wakati wa kukimbilia dhahabu, lakini haisambaratiki, kwa sababu kila mkono mpya unamfundisha sheria ambayo mkono uliopita haukuwa nayo, na Buck anayetoka si yule aliyeingia. Tumia kipimo hicho. Nyumba ambayo haimfundishi mbwa wako kitu, ifute, hata kama umeiandika vizuri.

Ongeza na hili: angalau mara mbili aondoke kwa uamuzi wake. Asifukuzwe tu, asipotee tu. Weka nyumba moja yenye chakula cha kutosha, yenye mtu anayemkuna nyuma ya masikio, na geti ambalo siku moja limeachwa wazi. Asimame pale getini kwa ukurasa mzima. Siku atakayotoka, msomaji ataumia. Na siku nyingine, mbele zaidi, geti litakapokuwa wazi naye asitoke, msomaji ataumia zaidi, na hapo utajua kwamba umefika katikati ya kitabu chako.

Kwa nafsi, mimi nashauri nafsi ya tatu iliyofungwa kwa mbwa peke yake. Msimulizi ayajue maneno ambayo mbwa hayajui, lakini asiende mahali ambapo mbwa hayupo.

Mfunza Mbwa

Salaam kwenu nyote. Mimi si mwandishi bali mfunzaji wa mbwa wa kunusa, na huwa nasoma riwaya za wanyama kwa hamu kubwa na kuziacha kwa huzuni. Naomba niseme machache kuhusu ile aya yako.

Mpira mwekundu hauwezi kumetameta mbele ya mbwa wako. Mbwa huona vizuri rangi za bluu na njano, lakini nyekundu na kijani hazitofautishi kama sisi, kwa hiyo mpira mwekundu katikati ya majani mabichi kwake ni doa la kahawia iliyofifia ndani ya kahawia nyingine. Kama haujaviringika, huenda asiuone kabisa mpaka pua imwambie. Pua ndiyo ingeanza, kabla hata hajafumbua macho. Binadamu ana vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 5 au 6, ilhali mbwa, kutegemea jamii yake, anaweza kuwa na hadi milioni 300. Anapotoa pumzi, hewa hupitia mianya ya pembeni mwa pua, hivyo haipeperushi kile alichokuwa anakinusa. Nimewaona mbwa wakinusa nyayo chache tu za mtu aliyepita na kujua ameelekea upande gani, kwa kuwa unyayo wa mwisho una harufu mbichi kidogo kuliko wa kwanza. Ndugu mwandishi, fikiria maana yake katika usimulizi. Kwetu sisi yaliyopita yamo kichwani. Kwake yako chini, barabarani, na anaweza kuyafuata kwa miguu.

Kwa hiyo yale maneno "akakumbuka" na "akasikitika" yaondoe. Mwonyeshe akifika mahali walipokuwa wakicheza, akinusa, akizunguka mara mbili, akilala. Mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo bila usingizi, hulamba pua bila njaa, hugeuza uso pembeni akikutazama kwa kona ya jicho. Ukivijua vitendo hivi hutahitaji kumtaja huzuni hata mara moja.

Jambo la mwisho limenijia niliposoma kwamba mzee ni fundi viatu, na sijui kama umeliona mwenyewe. Viatu alivyovishona vimo miguuni mwa watu. Ngozi hushika harufu kwa muda mrefu kuliko saruji inayopigwa na jua na mvua. Kwa hiyo mbwa wako, baada ya kizingiti kusuguliwa, bado atakutana na mzee njiani, vipande vipande, kwenye kisigino cha huyu na kwenye soli ya yule. Atawafuata watu wasiomjua na hawatajua kwa nini anawafuata. Lakini nikwambie ukweli wa kazi yangu: harufu ya mikono ya mtu itatangulia kupotea, na itakayobaki ni ya gundi, nta na ngozi. Itafika siku atakuwa anaifuata kazi ya mzee huku akidhani anamfuata mzee, na njia hiyo itamfikisha kwa fundi viatu mwingine. Sijui utafanya nini na siku hiyo. Mimi nilipoifikiria niliinuka nikaenda kuwatazama mbwa wangu.

Binti Sarufi

Nawashukuru waliotangulia, hasa kwa hilo la viatu, ambalo naona ndilo riwaya yenyewe. Mimi nitashika upande wa lugha, kwa kuwa riwaya hii itaandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mitego na zawadi zake panapohusika mbwa.

Mtego wa kwanza utakutana nao sura ya kwanza. Mbwa na mtu wote wako katika upatanisho mmoja. "Alimtazama" ni nani aliyemtazama nani? Katika riwaya ya watu wawili wenye majina unaweza kuvuka, lakini katika riwaya ambayo mbwa mara nyingi hana jina na watu wengi hawajulikani majina, kila ukurasa utakuwa fumbo. Dawa niliyoiona inafaa ni kuwaweka watu katika viungo na vitu vyao: kiatu kilisimama, mkono ulishuka, sauti ilipanda. Hapo upatanisho unabadilika wenyewe, "a-" inabaki kuwa ya mbwa peke yake, na wakati huo huo tunaona dunia kutoka kimo chake, pale chini ambapo nyuso ziko mbali na magoti yako karibu.

Zawadi ya kwanza iko hapo hapo kwenye upatanisho. Mtu anayemdharau atasema, "Jibwa hili limetoka wapi?" Anayemwonea huruma atasema, "Masikini, kijibwa hiki kimeloa." Anayemheshimu atasema, "Mbwa huyu ameloa." Huna haja ya kuandika kwamba huyu mkatili na yule mpole, kwa kuwa ngeli zimeshasema, na mtu mmoja anayeanza na "jibwa hili" kisha baada ya kurasa thelathini, bila kujitambua, akasema "mbwa huyu", amebadilika mbele ya macho yetu.

Zawadi ya pili ni kunuka na kunukia. Sisi tunasema takataka zinanuka na waridi linanukia, maana yake kitenzi chetu kinahukumu kabla hakijaeleza. Mbwa ana hukumu nyingine. Mzoga kwake unanukia, na sabuni ya yule mpangaji mpya ndiyo inayonuka. Ukiuhamisha mpaka huo tangu ukurasa wa kwanza na kuushikilia bila kuueleza, msomaji atachanganyikiwa kwa sentensi mbili, kisha atakuwa ameingia ndani ya pua ya mbwa na hatatoka tena.

Sasa, Mhariri Mzee, kwa heshima zote, sikubaliani nawe kuhusu nafsi ya kwanza kuachwa. Nafsi ya kwanza ya Kiswahili ni nyepesi sana, silabi moja tu, "ni-", haina haja ya kutamka "mimi" kila mara kama mtu anayejipiga kifua, na unaweza kuandika ukurasa mzima ambao msimulizi yumo bila kujitokeza. Kilichomwangusha Kalamu Mbichi, kwa maoni yangu, kilikuwa viunganishi. Jaribu kuandika kurasa tatu kwa nafsi yoyote unayoipenda bila kutumia "kwa sababu", "ingawa" wala "labda". Mbwa huunganisha mambo kwa kuyafuatanisha: gari, mlango, kimya. Hayaunganishi kwa hoja. Ukiweza kurasa tatu, basi hata "ni-" itakutii. Ukishindwa, nafsi ya tatu haitakuokoa, maana mawazo yako yataingia kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu mazungumzo ya watu, chagua kanuni moja mapema. Unaweza kuyaandika yote kama yalivyosemwa, na mbwa akajibu sauti wakati msomaji anajibu maneno. Kwa mfano, watu wawili wasimame kibarazani waseme taratibu, kwa upole kabisa, kwamba mzee ameshazikwa na kwamba chumba kitapangishwa, naye mbwa atikise mkia kwa ule upole. Nafikiri njia hii inakufaa, kwa sababu kisa chako kinasimama juu ya pengo kati ya anachojua msomaji na anachojua mbwa, na pengo hilo linahitaji msomaji apewe maneno kamili.

Mhariri Mzee

Binti Sarufi, nimekuelewa, na jaribio la kurasa tatu ni bora kuliko ushauri wangu. Aandike kwanza, nafsi itajichagua.

Naongeza kuhusu majina, kwa kuwa umegusia kwamba mbwa mara nyingi hana jina. Kila nyumba itampa jina jipya, na hayo yanaweza kuwa ndiyo vichwa vya sehemu za riwaya. Lakini jina alilopewa na mzee, Kalamu Mbichi, usitupe mapema. Mbwa analijua kama sauti inayomaanisha "njoo", halijui kama jina. Liache lisikike mara moja tu, mahali ambapo hatukulitarajia, kinywani mwa mtu ambaye hakujua kwamba anamwita mtu.

Kalamu Mbichi

Wazee wangu na dada yangu, asanteni sana. Nimekaa na majibu haya kwa siku nne. Hilo la viatu sikuwa nimeliona, na Mfunza Mbwa, nakiri kwamba nilipolisoma niliacha kila nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nimemfanya mzee fundi viatu kwa sababu tu nilitaka awe na kazi ya kukaa kibarazani. Sasa nimeanza upya kwa nafsi ya tatu, nikiogopa viunganishi kama moto. Hii ndiyo aya ya kwanza:

"Miguu minne ilitoka mlangoni, na kati yake mzee hakuwa na miguu. Harufu yake ilipita juu, karibu na mabega, mahali ambapo haikuwahi kupita. Ndani yake mlikuwa na jasho na kitu kichungu. Mbwa aliinuka. Sauti moja ilisema neno, si neno lake, na kiatu kikamsukuma ubavuni. Kiatu kile kilinukia gundi. Kilinukia nta, na chini ya nta kilinukia mikono ya mzee, naye hakuonyesha meno. Gari lilinguruma. Mlango ulifungwa, ufunguo ukazunguka. Chini ya mlango palikuwa na uwazi unaotosha pua. Aliiweka pua pale, akavuta, na chumba kikamjia chote, gunia, moshi, ngozi mbichi, shuka, kana kwamba mzee yumo. Akalala."

Nimeihesabu mara kadhaa, hamna "kwa sababu" hata moja. Naomba mnionyeshe panapolegea.

Binti Sarufi

Sina la kulegeza katika ngeli. Kile kiatu cha kwanza kumsukuma kuwa kiatu kilichoshonwa na mzee kimenishika moyo, na sasa tunajua tangu aya ya kwanza atakachokuja kukifuata. Ningeondoa "ndani yake mlikuwa na", ni maelezo ya mtu anayechambua. Andika tu: "Ilibeba jasho na kitu kichungu."

Mhariri Mzee

Aya hii inaweza kufungua kitabu. Kuna maneno mawili tu yanayonisumbua, nayo ni "kana kwamba". Nani anayesema kana kwamba? Wewe ndiye unayejua kwamba chumba ni kitupu. Pua ya mbwa haijui "kana kwamba". Kama chumba kinamnukia mzee, mzee yumo.

Kalamu Mbichi

Ni kweli kabisa, Mhariri Mzee. Nimerekebisha sehemu zote mbili. Mwisho wa aya sasa unasomeka hivi:

"Aliiweka pua pale, akavuta, na chumba kikamjia chote, gunia, moshi, ngozi mbichi, shuka. Mzee alikuwemo. Akalala."

Nimeshaandika kurasa tisa baada ya hapo, na mpangaji mpya bado hajanunua sabuni.